Sura ya Nne: Waliobaki Mtaani

Nina nakala ya Kidagaa Kimemwozea niliyoinunua kwa inama. Mkazi wa Nairobi hahitaji kuelezwa inama ni nini: muuzaji hutandaza vitabu vya mitumba juu ya gunia kando ya njia, nawe huna budi kuinama ndipo uyasome majina yake. Jalada la nakala yangu limeshikizwa kwa selotepu, kurasa za mwanzo zimeachana na uzi, na ndani ya jalada majina matatu ya wanafunzi yamekatwa moja baada ya jingine, kila mwenyewe mpya akimfuta aliyemtangulia. Riwaya hii ya Ken Walibora ilitoka mwaka 2012, na kwa miaka kadhaa ilikuwa kitabu teule cha mtihani wa kidato cha nne. Ndiyo maana pambizo zake zimejaa mwandiko.

Nilizisoma pambizo kabla ya riwaya yenyewe. Kando ya Amani pameandikwa msamehevu, mvumilivu, mwenye bidii. Kando ya Mtemi Nasaba Bora sifa zimepangwa mpaka chini ya ukurasa, zote mbaya. Kisha nikafika alipo Matuko Weye, yule askari wa zamani ambaye watu wa Sokomoko wamezoea kumwona kama mwendawazimu. Penseli imeandika neno moja: kichaa. Kalamu ya buluu, ya mwanafunzi aliyefuata, imelikata neno lile na kuandika juu yake: si kichaa. Mkono wa tatu haukuandika neno. Umechora alama ya kuuliza, kubwa, iliyokandamizwa hadi karatasi ikatoboka.

Sura hii naiandika kwa ajili ya alama hiyo ya kuuliza. Nataka kuzungumzia wahusika wanaopita katika hadithi zetu kama watu wanaopita koridoni usiku: tunawasikia nyayo, hatuwafungulii mlango. Na nataka kuonyesha kwamba sisi tuliolelewa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi, tuna sababu yetu wenyewe ya kuwafungulia.

Wapenzi wa wengi

Ukiuliza mtaani, iwe Jericho au Umoja, ni mhusika gani wa kubuni anayependwa zaidi, jibu litategemea umri wa unayemuuliza. Waliovuka miaka 40 watakutajia Mzee Ojwang' wa kipindi cha Vitimbi kabla hujamaliza swali. Enzi zile televisheni ilikuwa moja kwa nyumba kadhaa, mara nyingi Great Wall ndogo isiyo na rangi, imefunikwa kitambaa cha kushonwa kwa mkono mchana kutwa. Jioni kitambaa kilipoondolewa, sebule ilijaa watoto wa ploti nzima. Waliotangulia walikaa sakafuni, magoti kifuani. Tuliochelewa tulitazamia dirishani, vidole vimeshika nondo, na mtu wa ndani akicheka tulicheka hata kama hatukusikia alichocheka.

Aliyemwigiza Ojwang' alikuwa Benson Wanjau, aliyefariki Julai 2015. Alikuwa Mkikuyu aliyebeba jina la Kijaluo na lafudhi yake, na kando yake alikuwepo Mama Kayai, yaani Mary Khavere. Mtaani hapakuwa na aliyeona ajabu. Katika ploti zetu Mkikuyu alijua matusi ya Kijaluo na Mluhya alijua salamu za Kikamba, kwa sababu bomba la maji lilikuwa moja na kamba ya kuanikia nguo ilikuwa moja. Tulimpenda Ojwang' kwa kuwa alikuwa mzee wa ploti yetu.

Kizazi kilichofuata kina Boyie wa Shujaaz, kijana anayerusha matangazo ya redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Jarida hilo la katuni lilianza mwaka 2010, likatolewa bure, na likazungumza Sheng, lugha iliyozaliwa katika mitaa hii hii. Kijana wa Kayole hakulazimika kutafsiri kitu. Alisoma alivyozungumza.

Hawa ni wapenzi wetu na wanastahili mapenzi hayo. Ila nimeona jambo kila ninaporudia riwaya na filamu zinazosimulia Nairobi ya mashariki: mhusika mkuu huhama. Hufika na mkoba wake, huumizwa, hufunzwa, kisha hadithi humchukua na kumpeleka kwingine. Anayebaki mtaani ni mhusika mdogo. Yeye ndiye anayejua chumba ni shilingi ngapi, choo kipi kimeziba, askari wa kanjo hupita saa ngapi. Mhusika mkuu ni mgeni wetu. Mhusika mdogo ni jirani.

Jirani aliyefungua mlango

Mwaka 1956 Paulina anashuka kwenye garimoshi Nairobi akitoka Kisumu. Ana miaka 16, ana mimba, na mumewe Martin Were, mwenye miaka 23, amepanga chumba Pumwani. Hivyo ndivyo inavyoanza Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, riwaya iliyotoka mwaka 1986 na kushinda Tuzo ya Sinclair. Macgoye alizaliwa Southampton, akafika Kenya mwaka 1954, akaolewa Ujaluoni, akawa wa hapa mpaka alipofariki mwaka 2015.

Mwaka wenyewe una uzito wake. Miaka miwili kabla, Aprili 1954, serikali ya kikoloni ilikuwa imeendesha Operesheni Anvil, ikawasomba Wakikuyu, Waembu na Wameru kwa maelfu kutoka mitaa hii hadi kambi za kizuizini. Paulina anaingia katika mtaa ambao vyumba vingi vilikuwa vimepoteza wenyewe. Si wakati wa kubisha mlango wa mtu usiyemjua.

Muda mfupi baada ya kufika, mimba inaharibika. Anayekuja ni jirani, Susanna. Miongozo ya mtihani, vile vijitabu vyembamba vinavyomezwa na watahiniwa, humwekea Paulina kurasa na Susanna mistari miwili: mwenye huruma, mwenye ushirikiano. Kisha hugeukia dhamira.

Naomba tukae kidogo mlangoni pa Susanna. Chumba cha Pumwani kilikuwa na ukuta ambao sauti haikujua kuwa ni ukuta. Msichana akiugua upande huu, mwanamke wa upande wa pili amekwisha kusikia. Ana hiari ya kunyamaza, na wakati ule kunyamaza kulikuwa salama zaidi. Anaamka, anajifunga leso, anaenda. Yeyote aliyezaliwa katika nyumba za chumba kimoja anamjua mwanamke huyo, kwa sababu wengi wetu tulipokelewa naye kabla ya kupokelewa na mama zetu. Ndiye aliyejua njia ya hospitali ya Pumwani usiku, ndiye aliyekuwa na maji ya moto. Paulina atatoka hospitalini peke yake, apotee njia katika jiji asilolijua, na mumewe atampiga kwa kupotea. Miaka itapita, naye ataondoka Pumwani na kwenda kufanya kazi katika nyumba ya mbunge, upande wa jiji wenye miti na nyua. Riwaya humfuata yeye, na ni haki yake. Ila figa moja haliinjiki chungu. Bila ule mlango wa jirani, hadithi ingeishia sakafuni kwenye kurasa za mwanzo.

Wasio na majina

Tuvuke sasa mpaka River Road na ile iliyoitwa Grogan Road, leo Kirinyaga. Kijiografia ni pembeni mwa mji, lakini kila mtu wa Eastlands anajua kwamba huo ndio mlango wetu. Hapo ndipo tunaponunua spea, betri na redio, na ndipo baba zetu walipopita kwa miguu jioni wakirudi kutoka kwenye mjengo, nauli ikiwa imeshageuka unga.

Meja Mwangi aliiandika sehemu hii ya mji kwa miaka mfululizo. Kill Me Quick ilitoka mwaka 1973, Going Down River Road mwaka 1976, The Cockroach Dance mwaka 1979. Ameziandika kwa Kiingereza, lakini masikio ya mkazi wa hapa husikia Kiswahili chini yake. Na ndani ya riwaya hizo wamo wahusika wawili ninaowapenda kuliko Ben na Dusman, wanaume wanaozibeba hadithi.

Wa kwanza ni Baby. Ben, mwanajeshi aliyefukuzwa kazi na kuishia kubeba mawe na saruji kwenye jengo la Development House, anaishi na Wini, na Wini ana mtoto wa kiume. Siku moja Wini anaondoka, harudi. Mtoto anabaki na mwanaume ambaye si baba yake. Anakojoa kitandani. Anatoroka shule. Anakula kinachopatikana. Na kwa kitabu kizima anaitwa Baby, hana jina jingine. Mara ya kwanza nilidhani ni uzembe wa mwandishi. Niliporudia kusoma nikiwa mzazi, nilielewa kwamba jina ni kitu anachopewa mtoto na mtu aliyeamua kukaa. Ben hajaamua. Anamtukana mtoto, anatamani aondoke, na bado jioni hurudi palipo na mtoto. Hakuna hotuba inayosema Ben amekuwa baba. Kuna kitanda kilicholowa na mtu anayekilalia.

Wa pili ni Bathroom Man. Katika The Cockroach Dance, Dusman Gonzaga, msoma mita za maegesho, amepanga Dacca House, jengo ambalo mwenye nyumba wake, Tumbo Kubwa, amegeuza kila pembe kuwa chumba cha kukodisha. Bafu nalo limekodishwa. Mle ndani anaishi mwanaume mmoja na mkewe na mtoto wao. Hana jina, ana anwani tu, na anwani yenyewe ni bafu. Dusman hawezi kumtoa akilini. Nami pia. Nimeishi katika ploti ambayo stoo ya chini ya ngazi ilikodishwa kwa wanandoa, na kila asubuhi tulimwona yule baba akitoka ameinama, shati limepigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inasimama. Hatukuwahi kumuuliza jina. Tulimwita Baba wa Chini. Aliitika kila mara, na heshima yake ya kuitika ndiyo inayonifanya niandike haya.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mafunzo tuliyopewa darasani. Tulifundishwa kugawa wahusika makundi mawili, duara na bapa, mgawanyo uliotokana na E. M. Forster, mwandishi Mwingereza, katika mihadhara yake ya mwaka 1927. Duara ni yule anayebadilika na kutushangaza. Bapa amelala kama chapati kibaoni, ana upande mmoja. Ni kipimo kizuri, na Forster mwenyewe alijua kwamba wahusika bapa wana kazi yao. Lakini sisi tulikichukua kama daraja la ubora, kana kwamba mtu ni bapa kwa maumbile yake. Baba wa Chini hakuwa bapa. Sisi ndio tuliomtazama kutoka juu ya ngazi.

Mwaka 1971 Charles Mangua alitoa Son of Woman, riwaya iliyouzwa kwa wingi usio wa kawaida wakati ule. Msimulizi ni Dodge Kiunyu, mtoto wa kahaba wa Eastleigh. Mama anakufa mapema, na kitabu kinakimbia na mwanawe. Ila tazama jalada. Jina zima la kitabu limesimama juu ya mwanamke huyo ambaye kurasa hazikumsubiri. Kila anayekitaja kitabu kile humtaja yeye, hata asipojua.

Hadhira ya seli

Mwaka 2012 David Tosh Gitonga alitoa Nairobi Half Life, filamu ya kwanza ya Kenya kupelekwa kugombea tuzo ya Oscar katika kundi la filamu za lugha za kigeni. Mwas, anayeigizwa na Joseph Wairimu, anatoka kijijini akitaka kuwa mwigizaji. Siku ya kwanza mjini ananyang'anywa kila kitu na kuishia seli. Mle ndani mwenye nguvu anamwamuru asafishe choo kilichofurika. Mwas anainama. Halafu anafanya jambo ambalo wenzake hawakulitarajia: anaigeuza kazi ile mchezo. Mwili unaanza kucheza, uso unaigiza, na wafungwa waliokuwa wakimcheka wanaanza kumtazama.

Baadaye Mwas atasimama kwenye ukumbi wa kweli, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na wengi wetu hulikumbuka jukwaa hilo. Mimi nawakumbuka wanaume wa seli. Wao ndio waliomwona kwanza kama mwigizaji, wakati yeye mwenyewe hakuwa na ushahidi wowote. Majina yao hatuyajui, makosa yao hatuyajui, na wengine huenda hawakuwa na kosa. Walikuwa hadhira yake ya kwanza, na walitoa walichokuwa nacho.

Katika seli hiyo ndimo alimo Oti, aliyeigizwa na marehemu Maina Olwenya. Oti ndiye anayemchukua Mwas, anayempa mahali pa kulala na genge la kuitwa ndugu. Mwishoni Mwas ana jukwaa na Oti ameuawa na polisi. Katika mitaa yetu hilo si jambo la filamu peke yake. Kila aliyekulia Dandora, Kayole au Majengo anaweza kukuhesabia wavulana wa darasa lake ambao hawakufika miaka 25, na kila mmoja wao alikuwa mchekeshaji wa mtu fulani, mtunza siri wa mtu fulani, kaka aliyemlipia mdogo wake karo kwa pesa ambazo hapana aliyeuliza zilikotoka. Oti si malaika na filamu haimtakasi. Inamwacha awe mtu kamili, kisha inamchukua. Ndiyo sababu kifo chake kinauma.

Yule askari na soko la Burma

Nirudi kwa Matuko Weye. Kwa msomaji wa mbali yeye ni kichaa wa kijiji, mhusika ambaye fasihi humtumia kusema yasiyosemeka. Anapasua ukweli hadharani kuhusu watawala, anatiwa mbaroni, hadithi inaendelea na Amani na Imani, vijana wawili waadilifu.

Sasa msome ukiwa Shauri Moyo. Ukitoka mjini unapita Kariokor, mtaa ambao jina lake ni Kiswahili cha Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliobebeshwa mizigo katika Vita Vikuu vya Kwanza na kufa kwa makumi ya maelfu. Ukishuka upande wa Jogoo Road unafika soko la Burma, ambako watu hununua nyama ya jumla. Burma ni nchi ambako askari wa KAR, jeshi la kikoloni la Waingereza Afrika Mashariki, walipigana katika Vita Vikuu vya Pili. Kila siku makonda wanayaita majina hayo stejini, na sisi tunapanda.

Waliorudi kutoka huko hawakuwa wahusika wakuu wa kitu chochote. Wengi walirudi na koti, medali na kichwa kilichojaa milio. Wapo waliokuwa walinzi wa usiku. Wapo waliozeeka kwenye ngazi za maduka, wakitoa amri kwa kikosi kisichoonekana, na watoto wakiwafuata wakiwaimbia. Nikiwa mdogo niliimba pia. Nilipomsoma Matuko Weye nikiwa mtu mzima ndipo nilipoelewa yule mzee wetu alikuwa akiamrisha nini. Riwaya imetunga kijiji cha Sokomoko, lakini mhusika wake mdogo ana ndugu waliozikwa Lang'ata.

Eastlands ina desturi hii ya kutunza watu wadogo wa historia katika majina ya mitaa. Ofafa Jericho na Ofafa Maringo yanamtaja Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953. Mtaa wa Mbotela unamtaja Tom Mbotela, kiongozi wa chama cha KAU aliyeuawa Novemba 1952, karibu na lile soko la Burma. Baba yake, James Juma Mbotela, ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa, kitabu cha Kiswahili kilichochapishwa mwaka 1934 kuhusu watumwa waliokombolewa na kupewa makao Freretown, Mombasa. Familia moja, basi, imeacha kitabu kuhusu watu ambao majina yao yangepotea, na mtaa ambao maelfu wanalala humo bila kujua jina lake lilitoka wapi. Katika vitabu vya historia vya shule, baba na mwana wakipata mstari mmoja ni bahati.

Jinsi ya kumfungulia mlango

Kuna waandishi waliochukua mhusika mdogo wa mtu mwingine na kumpa kitabu chake. Mwaka 1966 Jean Rhys, mzaliwa wa kisiwa cha Dominica, alitoa Wide Sargasso Sea. Alimchukua Bertha, yule mke anayefungiwa darini katika Jane Eyre ya mwaka 1847, akamrudishia visiwa vyake na jina alilozaliwa nalo, Antoinette. Tangu hapo wasomaji wengi hawawezi tena kuisoma Jane Eyre bila kuinua macho kuelekea dari.

Si lazima uwe mwandishi ili ufanye hivyo. Nimekuwa nikisoma na vijana mara kwa mara, na nimetoka katika vikao hivyo na zoezi moja. Kila mmoja anachagua mhusika ambaye mwongozo umempa mistari michache, kisha anajibu maswali matatu. Huyu analala wapi? Kesho asubuhi atakula nini? Na la mwisho, ambalo vijana wa Eastlands hulielewa bila maelezo: akifa leo, mchango wake wa mazishi utafanyiwa wapi, na nani watakaa?

Swali hilo la tatu lina uzito wake hapa. Mtaani ukubwa wa mtu hupimwa jioni zile za mchango, picha yake ikiwa imebandikwa ukutani, viti vya plastiki vimepangwa, na mweka hazina anasoma majina na kiasi. Kwa Paulina watu watajaa. Kwa Susanna nao watajaa, pengine kuliko kwa Paulina, na darasa hushtuka linapogundua hilo. Kwa Bathroom Man vijana husita. Msichana mmoja aliwahi kusema kwamba mkewe angekaa peke yake na daftari tupu, kwa sababu hakuna aliyejua jina la kuandika juu ya daftari. Hapakuwa na aliyesema kitu kwa muda.

Zoezi hili nalipendekeza kwa walimu na kwa vikundi vya kusoma. Mahali papo. Maktaba za Kaloleni na Makadara, matawi ya McMillan, zimefufuliwa kwa juhudi za Book Bunk, shirika lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka mwaka 2017. Mtoto wa Maringo anaweza kutembea hadi Makadara, akakaa kwenye kiti kilicho imara, akasoma. Nataka anapofika pale asijitafute kwa mhusika mkuu tu. Aangalie pia nani anafagia, nani amebeba maji, nani ametajwa mara moja na kuachwa, kwa sababu mara nyingi hapo ndipo walipo mama yake na jirani yake.

Landhies Road

Ken Walibora aligongwa na gari Landhies Road tarehe 10 Aprili 2020. Ilikuwa Ijumaa Kuu. Barabara ile ndiyo shingo ya Eastlands: inatoka mjini, inapita Muthurwa na kituo cha mabasi ya mashambani, inaelekea Jogoo Road. Sote tumeivuka tukikimbia. Kwa siku kadhaa jamaa na marafiki walimtafuta, wakati mwili wake ulikuwa katika hifadhi ya maiti ya Hospitali ya Kenyatta. Mwandishi wa Siku Njema, ambaye sentensi zake wanafunzi wa nchi nzima walikuwa wamezikariri, alilala pale kama mtu asiye na jina.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi, na huniuma kila mara. Katika Kidagaa Kimemwozea kuna mtoto mchanga anayetupwa mlangoni pa Amani. Amani na Imani ni maskini, hawana maziwa wala cheo. Wanamwokota, na kabla ya yote wanampa jina: Uhuru. Mtoto yule haishi sana. Kurasa zake ni chache, miongozo humtaja kama ishara na kuendelea mbele. Lakini hakufa akiwa kichanga tu. Alikufa akiitwa Uhuru, na waliomwita walikuwa tayari kwenda jela kwa ajili yake. Walibora alijua tofauti hiyo, akaipa nafasi katika riwaya yake kupitia mhusika asiyeweza hata kusema.

Nikahesabu pia miaka ya Baby. Kama alikuwa mtoto wa kwenda shule mwaka 1976, leo amevuka 50. Namfikiria akiwa fundi wa masanduku Kamukunji, nyundo mkononi, mikono imekomaa, na vijana anaowafundisha wanamwita kwa jina ambalo Meja Mwangi hakutuambia. Sina ushahidi. Ninao mtaa tu, na mtaa umejaa wanaume wa umri huo.

Juzi binti wa jirani, aliye kidato cha pili, aliniomba kitabu cha kusoma likizoni. Nikamtolea ile nakala ya inama. Kabla ya kumpa niliifungua palipo na Matuko Weye, kwenye ile alama ya kuuliza iliyotoboa karatasi, nikaandika pembeni maneno mawili: Kariokor, Burma. Aliuliza kama kitabu kitatoka kwenye mtihani wake. Nikamwambia hapana, hicho zamu yake ilishapita. Akakichukua hata hivyo, akaanza kupekua pambizo akiwa bado amesimama mlangoni.

Nikampa na penseli.